Aliyebonyeza Ruhusu

Ilianza na taa. Taa ndogo kama punje ya dengu, kando ya jicho la kamera juu ya skrini, iliwaka kijani alasiri moja mfamasia akipiga pasi makoti yake ya kazini sebuleni. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Skrini nyeusi, feni kimya, kiti kitupu. Mfamasia akaitazama ile taa, nayo ikamtazama. Tangu asubuhi alikuwa amesimama nyuma ya kaunta akisikiliza watu wazima wakimwapia kwamba dozi wamemaliza, na hakuwa na subira ya kuchunguzwa tena nyumbani kwake. Akatoa plasta ya vidonda mkobani, akaibandika juu ya kamera, akarudi kwenye pasi.

Mumewe aliporudi akamwuliza, "Baba Komando, hii mashine inaweza kuwaka taa huku imezimwa?"

"Umeme wa mabaki huo," alijibu mumewe bila kugeuza shingo. "Mambo ya kiinjinia. Wewe pumzika."

Mumewe hakuwa injinia. Alikuwa muuza vigae. Jina la Injinia alijipa mwenyewe, akalitumia kwa muda mrefu na kwa sauti nzuri mpaka watu wakachoka kubisha. Sauti hiyo lazima tuitendee haki, maana ndiyo iliyokuwa mtaji wake wote: nzito, ya upole, yenye tabasamu ndani yake. Mteja aliingia dukani kuulizia vigae vya bafuni, akatoka amenunua vya kutandika mpaka getini. Nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo. Bomba likivuja, Injinia alieleza nadharia ya maji, kisha mkewe akampigia simu fundi bomba.

Kompyuta ilikuwa ya binti yao, na huyo hakuwa mtu wa nadharia. Kule kwenye gemu walimwita Komando, jina likamfuata nyumbani, mpaka wazazi wake nao wakaitwa kwalo. Timu yao ilikuwa ya wasichana watupu, na yeye ndiye aliyekuwa mwita: wenzake wakikimbia na kupiga, yeye aliuona uwanja wote na kutoa amri kwa sauti. Kulia. Rudi. Mwache huyo, ni mtego. Asiyejua angedhani ni kelele za watoto. Lakini kwa sauti hiyo walikuwa wamefika fainali, na washindi wangepata nafasi kwenye chuo cha kutengeneza gemu. Komando hakuwa akiota kitu kingine maishani.

Mashine yake aliilinda kuliko watu wengine wanavyolinda nyumba. Akaunti ya kuchezea haikuwa na mamlaka ya kuingiza programu yoyote. Gemu alizitoa kwa wenyewe waliozitengeneza, hakuokota za vichochoroni. Masasisho hakuyaahirisha. Programu ya ulinzi ilikesha pembeni mwa skrini, ngao ndogo ya buluu, na kila alipokaa aliitupia jicho kama dereva anavyotupia jicho kioo cha pembeni. Ukuta wote huo ulikuwa na tundu moja tu, na tundu lenyewe lilikuwa heshima. Nywila ya akaunti kuu, ile yenye funguo zote, alikuwa nayo yeye na baba yake.

"Mkuu wa nyumba hawezi kukosa ufunguo wa nyumba," Injinia alikuwa amesema siku kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza, kiganja amekinyoosha. Mtoto akampa. Mama mtu alikuwa papo hapo, akasikia, akaona si sawa, akanyamaza ili pasiwe na ugomvi.

Muda si mrefu baada ya ile taa, Komando alivua hedifoni katikati ya mazoezi.

"Mama, wenzangu wamenikasirikia. Wanasema leo mchana nilikuwa hewani nikawatukana mmoja mmoja."

"Mchana ulikuwa shule."

"Si ndiyo nilivyowaambia! Msaidizi wangu kwenye timu anaapa sauti ilikuwa yangu. Mpaka kucheka kwangu, kule kwa puani."

Alipolala, mama yake akainama nyuma ya kompyuta. Palikuwa na harufu. Alidhani vumbi lenye joto, kisha akadhani nywele zilizoungua, kisha akaacha kudhani. Harufu ilizidi mashine ilipokuwa baridi.

Sauti ya mtoto nayo ikaanza kwisha. Kwanza ilikwaruza, kisha ikawa inakatika mwishoni mwa sentensi, kana kwamba mtu anamng'ata maneno kabla hajayamaliza. Mfamasia alimpa vidonge vya kumung'unya, akammulika koo, akampeleka hospitali. Daktari alisema koo ni safi kabisa, pengine binti anajibana kwa sababu ya mitihani. Mfamasia alimshukuru daktari kwa namna ambayo daktari aliielewa.

Siku ya mvua kubwa alirudi mapema. Kutoka barazani alisikia binti yake ndani akitoa amri, sauti nzima, kamili, kali kama zamani, kulia, kulia, rudi nyuma, na moyo wake ukafurahi kwa muda wa kuvua viatu tu. Alifungua mlango wa sebule. Kiti kilikuwa kitupu. Skrini ilikuwa nyeusi, na ile plasta ilikuwa imebanduliwa na kubandikwa vizuri, bila kunyanzi, kwenye mkono wa kiti, na taa ya kijani ilikuwa imewaka, na ile sauti ya mtoto aliyemzaa mwenyewe iliendelea kutoka kwenye spika zilizolala pande mbili za skrini, ikihema pale anapohema Komando, ikimeza mate pale anapomeza, hadi mfamasia alipopiga hatua moja ndani, na hapo sauti ikakatiza amri zake, ikageuka kuwa ya ndani, ya kubembeleza, ya mtoto mwenye usingizi.

"Mama," ilisema, "funga mlango. Kuna baridi."

Nyuma yake geti likalia. Komando aliingia barazani amelowa chapachapa, mkoba wa shule juu ya kichwa. Akamwona mama yake, akafungua mdomo kumwambia shikamoo. Midomo ikacheza. Hakikutoka kitu.

Jioni ile Injinia alisimama katikati ya sebule akatoa hotuba.

"Mimi nilisema. Watoto wa siku hizi wanapakua uchafu kila kona. Hivi ni virusi, Mama Komando, virusi vya kijasusi, vinarekodi sauti na kuirudisha. Kitaalamu ni jambo dogo. Huyu amefungua asichopaswa kufungua." Akamgeukia binti yake. "Umefungua nini?"

Komando alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka, na kulia kwake pia hakukuwa na sauti.

"Haya. Mpaka useme ukweli, hii nachukua." Akachomoa kibodi, akaiweka kwapani.

"Atasemaje ukweli wakati hana hata sauti?" mfamasia aliuliza polepole.

"Nidhamu, mke wangu. Nidhamu kwanza."

Mfamasia alimtazama mumewe. Sebule ilikuwa na ubaridi wa mvua, feni ya dari haikuwashwa, na Injinia alikuwa akitiririkwa na jasho mpaka kwenye ukosi.

Aliletwa fundi wa kompyuta. Alifanya kazi yake vizuri, tusimsingizie: alifuta kila kitu, akaweka mfumo mpya, akafunga bisibisi zake kwenye kitambaa. "Mama, hii sasa ni kama imetoka kiwandani leo. Haina kumbukumbu hata ya jina lake."

"Asante, fundi," ikasema kompyuta, kwa sauti ya Komando.

Bisibisi bado ziko pale juu ya kabati. Mwenyewe hajazifuata.

Ndipo mfamasia, mwenye shahada yake ukutani, akaenda kumwita msusi. Saluni ya msusi huyu ilikuwa mtaa wa nyuma, na wanawake wengi waliokaa kwenye kiti chake walijua kwamba akimaliza vichwa huwa anashughulika na mambo mengine. Alikuja na aproni, chanuo limechomekwa nywelani.

"Nimeacha kichwa cha mtu nusu," alisema mlangoni. "Semeni haraka."

Akanusa. Akaisogelea mashine, akanusa tena.

"Ni nywele zimeungua?" mfamasia alimnong'oneza.

"Nywele nachoma kila siku, dada. Hii siyo nywele. Huyu ni mmoja wa wale wasikilizaji. Walikuwa wanasikiliza milangoni kabla hata waya haujavumbuliwa. Siku hizi wamerahisishiwa tu kazi." Akawageukia wote watatu. "Lakini hawaingii bila ruhusa. Nani amemfungulia?"

"Dada yangu," Injinia alianza, na ile sauti ikajaa sebule kama mafuta ya nazi, "haya ni mambo ya kitaalamu kidogo. Kuna kitu kinaitwa..."

"Sikuuliza kinaitwaje. Nimeuliza ni nani."

"Mtoto ndiye mtumiaji mkuu wa..."

Spika zikacheka. Zilicheka kile kicheko cha puani cha Komando, muda mrefu, na Komando mwenyewe akaziba masikio, akajibanza ukutani.

"Baba Komando." Mfamasia hakupaza sauti. Watu wa duka lake la dawa walikuwa wakiijua sauti hiyo, na wakiisikia walikuwa wakirudi kwenye mstari. "Nywila ya akaunti kuu ni ya watu wawili. Mmoja ameshatikisa kichwa."

Injinia aliangalia dirisha. Aliangalia dari. Mwisho akaanza kusema, na mara hii maneno yalitoka bila tabasamu. Mchana biashara ikilala, alikuwa akifunga duka na kuja nyumbani kucheza. Gemu ya magari. Jirani yake wa duka la rangi alimpa ya bure, ya kuokota, yenye maelekezo: zima ulinzi kwanza.

"Na ngao ya mtoto?" aliuliza mkewe.

"Ilipiga kelele. Ikasema kitu hiki ni kibaya."

"Ukafanyaje?"

"Nikaizima. Nikimaliza kucheza nilikuwa naiwasha tena, mtoto asijue."

"Halafu?"

"Yakaja maswali, moja juu ya jingine. Kamera, maikrofoni, sijui nini. Nikabonyeza ruhusu."

"Uliyasoma?"

"Mama Komando, nani anasoma yale?"

Mfamasia alifumba macho. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa yamepita akiwaona watu wakisoma karatasi ya dawa baada ya kumeza.

"Weka mkono hapo," msusi alimwamuru Injinia. "Uliruhusu. Sasa kataa."

Injinia akaweka kiganja juu ya kasha la mashine. "Nakataa," alisema. Mapazia yakafutuka kuelekea nje, na nje hapakuwa na upepo. Ile harufu ikawapita usoni, moto na nzito, ikatokea dirishani. Komando akakohoa, akashika koo.

"Mama," alisema. Ilikuwa kama bawaba yenye kutu, lakini ilikuwa yake.

Msusi alikuwa ameshafika mlangoni. "Amesogea," alisema. "Sijasema ameondoka. Kama bwana huyu kuna neno amelibakiza tumboni, yule atarudi kulifuata. Na safari hiyo maneno ya kumkataa hayatoshi, itabidi mrudishiane mlichopeana." Akaenda kumalizia kichwa.

Mfamasia alichomoa kila waya. Waya mkuu wa umeme aliuviringisha, akautia mfuko wa koti lake. Wakala mapema, wote watatu mezani, jua likiwa bado ukutani. Injinia alianza kurudi katika hali yake. Alikuwa akieleza kwamba kwa kweli tatizo hili limewapata hata watu wa mashirika makubwa, Komando alipoweka kijiko chini.

"Baba," alisema kwa ile sauti ya kutu, "kitu kimoja sielewi. Sote tunaongea sebuleni. Wewe ndiye unayeongea kuliko sote. Kwa nini ilichukua yangu?"

Injinia akajiongezea mchuzi.

"Jibu mtoto," alisema mfamasia.

"Bahati mbaya tu. Nimeshasema yote, mke wangu. Ni hayo tu."

Sebuleni feni ya kompyuta ikaanza kuzunguka.

Ilianza taratibu, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama, kisha ikapanda. Mfamasia alitia mkono mfukoni na waya ulikuwemo, wote, kichwa na mkia, na Komando aliyekuwa akisema jambo aliendelea kulisema, midomo ikienda, mishipa ya shingo imesimama, macho yakitoka kadiri alivyozidi kujisikia kimya, na harufu ikarudi na kukaa juu ya meza katikati ya sahani kama mgeni wa nne.

Mfamasia aliinuka. Alifunga mlango wa kutokea, akatia ufunguo mfuko ule ule wenye waya.

"Anza tena," alisema. "Tangu mwanzo. Na ukiniletea neno *kitaalamu* nitakutia hili bakuli usoni."

"Baada ya yale maswali," Injinia alinong'ona, "lilikuja jingine. Hilo halikuandikwa. Nililisikia kwenye hedifoni. Kwa adabu kabisa, kama mtu wa duka. Likauliza, nani anazungumza katika nyumba hii. Nikadhani ni gemu. Likasema linataka sauti moja. Moja tu."

"Ukajibu nini?"

Jibu halikutoka kwake. Lilitoka sebuleni, kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya upole, yenye tabasamu ndani yake.

"Yangu nina kazi nayo, bwana. Chukua ya mtoto."

Kisha kikafuata kicheko chake, kile cha kumsindikiza mteja mlangoni.

Mfamasia alimshika mumewe ukosi. Hakuwahi kumgusa hivyo tangu waoane. Alimkokota mpaka sebuleni akamsimamisha mbele ya ile skrini nyeusi.

"Sema."

"Mama Komando, sauti ndiyo riziki yetu. Tufikirie. Huenda tukimwita yule fundi..."

"Ulimwadhibu!" Sasa alipiga kelele, na vioo vya kabati vikaitika. "Ulijua! Ulisimama hapa ukamwuliza amefungua nini, ukamnyang'anya kibodi, ukamwacha alie bila sauti, na ulijua ni wewe! Nimevumilia uinjinia wako kwenye mabomba, nimevumilia kwenye paa, nimechekacheka mbele ya wageni. Kwa mtoto wangu, hapana. Sema, au leo hatutoki humu!"

Komando alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama baba yake, akamwamkia. Midomo yake ilichora shikamoo bila pumzi hata moja ya sauti, kwa heshima ile ile ambayo siku moja ilimfanya ampe ufunguo. Injinia aliisoma. Hilo ndilo lililomvunja, na tumpe haki yake: hatimaye alivunjika.

Akaweka mkono juu ya mashine. "Mrudishie," alisema. "Chukua yangu."

Neno la mwisho liliishia katikati. Feni ikasimama.

"Baba!" akalia Komando, na sauti ilikuwa nzima, kali, iliyogonga kuta zote nne. Baba yake akafungua mdomo kumjibu. Midomo ikacheza.

Fainali Komando aliita kwenye mashine ya msaidizi wake, ambaye alimwomba radhi kwa aibu, na walishinda. Injinia siku hizi anauza vigae kwa kunyoosha kidole, na wateja wananunua walichokuja kununua.

Kompyuta iko stoo, waya umekatwa kwa mkasi. Ukipita karibu na mlango utaisikia ikifanya biashara peke yake gizani. "Karibu, mteja. Hivi havitelezi hata ukimwaga sabuni." Msusi alimwambia mfamasia kwamba akipenda, kuna namna ya kujaribu kuidai ile sauti, aende wakae wazungumze. Mfamasia anasema hana nafasi. Kwanza ana mahesabu ya dawa, halafu kuna nguo za kufua, halafu, alimwambia msusi, ni mara ya kwanza katika nyumba ile kusikia mvua ikinyesha.

Jana alipita na ndoo ya maji. Sauti ilikuwa ikisifia vigae, ikakatiza.

"Mama Komando," ilisema, ile sauti iliyomposa. "Ile siku mtoto alipotoa ufunguo, ulikuwa umesimama pale. Ukaona. Na wewe si una neno ulilibakiza?"

Mfamasia aliweka ndoo chini. Sebuleni mumewe alikuwa amekaa, mikono magotini, akitazama dirisha.

"Ninalo," alisema, na hakuusogelea mlango wa stoo. Aligeuka akaenda sebuleni, akavuta kiti mbele ya mumewe, akaanza kulisema.